Gitaa la Kongo Lililopata Mafua

Juzi nilimsindikiza binti yangu kwenye duka la vyombo vya muziki hapa Mwanza. Anataka gitaa. Amekuwa akitazama video kwenye simu, mtu mmoja analisifu hili, mwingine analiponda, naye anabaki kuchanganyikiwa. Muuzaji alishusha mawili ukutani akampa ayajaribu. Mimi nilisimama mlangoni nikiwaza mambo yangu, mpaka aliponigeuzia moja akasema, "Mama, hebu nusa, linanukia mbao." Nikainama, nikaweka pua kwenye tundu. Gundi, vanishi, ubao uliokatwa si zamani. Ikabidi niombe kiti.

Nilimwambia ni joto. Lakini ninyi wa rika langu, hasa mliokulia kwenye kambi za machimbo huko Geita, mtanielewa nikisema kwamba harufu ile ilinirudisha kwenye kibanda cha mabati cha baba yangu, na kwamba nilipofika nilisikia gari likizima injini nje.

Baba alikuwa fundi wa magitaa. Tulitoka kwetu Samuye mvua zilipokataa, tukafuata dhahabu kama wengine, ila Baba hakuwa mtu wa kuingia shimoni. Alijua mbao na nyuzi. Kambini kulikuwa na makanisa mengi, kila kanisa na kwaya yake, na vijana wakipata dhahabu kidogo walitaka kujifunza muziki. Baba aliwatengenezea yaliyovunjika, akawauzia mengine aliyoyafuata Mwanza. Kibandani mlinukia gundi muda wote, na nje kulinukia vumbi la mawe kutoka kwenye makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, ambayo hayakunyamaza mchana kutwa.

Kulikuwa na magitaa matatu ambayo hayakuuzwa. Baba aliyaweka ili mteja ayasikie na kuchagua akiwa anajua anachokichagua. La kwanza lilitoka China, lina picha ya farasi tumboni, tukaliita la Farasi. Lilikuwa la plaiwudi, jepesi, zuri machoni, na sauti yake ilitoka haraka ikafa haraka. "Hili ni la kujifunzia," Baba aliwaambia. "Vidole havitakuuma. Lakini likikaa juani, kile kijiti kinachoshika nyuzi hapa chini kitabanduka, usije ukanilaumu." La pili Babu alilinunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anaondoka Mwadui, kwenye almasi. Juu lilikuwa ubao mzima, mwembamba, na lilipoguswa sauti ilijaa kibanda kizima. Lakini lilikuwa na tabia za mgonjwa. Kiangazi kikikaza lilipasuka, kwa hiyo Baba aliliwekea ndani kitambaa chenye unyevu kwenye kijaluba cha sabuni kilichotobolewa. La tatu lilichongwa kwa mkono na fundi wa Kongo. Zito, nene, vyuma vya shingoni vimekatwa kwenye nyaya za breki za baiskeli, tundu lake pana kuliko mengine. Halikuwa na urembo wowote. Ila lilikuwa na sauti nene ya chini iliyoendelea kusema hata baada ya mpigaji kunyamaza.

Mimi nilikuwa na mchezo wangu. Niligeukia ukuta, Baba akapiga, nami nikataja ni lipi. Wateja walicheka, wakawaita wenzao waje kuona mtoto anayeyajua magitaa kwa masikio. Baba alijivuna. Mama hakupenda sana, si mchezo wenyewe, bali mdomo wa Baba. "Baba Kabula," alikuwa akimwambia, "wewe unataja kasoro kabla mtu hajauliza." Mimi alinivuta pembeni: "Mteja akiwepo, wewe usiseme kitu kina ubovu. Umenisikia?" Nilimsikia.

Mjomba Masanja, mdogo wake Mama, alikuwa anafanya kazi kwenye eneo la kuchenjulia dhahabu la Bosi Nkwabi. Kila mtu kambini alimjua Bosi Nkwabi, ingawa hakuwa mtu wa makelele. Alisalimia watu taratibu, akauliza hali za watoto kwa majina. Watu wazima walikuwa na namna ya kunyamaza gari lake lilipopita, na mimi niliichukulia kuwa ni heshima, kama tunavyonyamaza kanisani.

Siku moja Mjomba alikuja akasema anataka gitaa. Baba alifurahi, akayashusha yote matatu, akaanza mafundisho yake. Hili sauti yake hivi, hili ujenzi wake hivi, hili utadumu nalo. Mjomba aliitikia kwa kichwa tu. Kisha akauliza, "Shemeji, lipi lina tundu pana?"

"La Kongo."

"Na lipi zito?"

"Hilo hilo." Baba akacheka, akamwita mwanamume kwa Kisukuma. "Ngosha, unatafuta gitaa au unatafuta gunia?"

Mjomba naye alicheka, lakini kwa kuchelewa kidogo. Akasema anaogopa jepesi litavunjika kwenye pikipiki. Baba akamwazima la Kongo ajifunzie kwanza. Mimi nilikuwa na jibu langu mwenyewe. Kulikuwa na dada mmoja aliyepika chapati karibu na geti la kazini kwake, na niliamini Mjomba anataka kumpigia muziki. Nililifurahia jambo hilo, nikawasimulia wenzangu shuleni.

Basi Mjomba akawa mtu wa gitaa. Alilibeba mgongoni akienda kazini, akalibeba akirudi, na wakati wa kupumzika aliwapigia walinzi pale getini. Hakuwa na kipaji. Alijua sehemu tatu za kubana nyuzi, akazirudia kama mtu anayepiga hodi. Walinzi walimzoea. Mama alisema, "Masanja amekonda." Baba akasema ni mapenzi. Nilipomsikia Baba naye akisema hivyo nilijua sikukosea.

Kisha kukatokea siku ambazo kambi ilibadilika. Sijui nieleze vipi. Makarasha yalisaga kama kawaida, lakini wanaume walisimama kwa makundi madogo na kutawanyika mtu akikaribia. Nilisikia Mama Tatu, jirani yetu, akimwambia Mama kwamba vijana wa Bosi wanapekua vyumba vya wafanyakazi, na kwamba mlinzi mmoja amepelekwa "kuhojiwa" na mke wake hajui yuko wapi. Mama aliendelea kuchambua dagaa wa Nkome waliokuwa kwenye ungo. Mikono yake ilienda haraka mno, alitupa hata dagaa wazima.

Mchana huo Mjomba alipita kibandani. Alikuwa anatoka jasho. "Shemeji, nyuzi zimelegea. Nitalifuata kesho." Akalitundika la Kongo mahali pake mwenyewe, akaondoka bila kuninunulia hata pipi.

Baba alikuwa na mtu wa kwaya. Mimi nikanyoosha mkono nikagusa uzi mnene wa la Kongo, kama nilivyozoea. Lilitoa sauti fupi, ya kubanwa, kama ya mtu anayeongea akiwa na mafua makali. Nikagusa tena. Ile sauti iliyokuwa ikiendelea kusema haikuwepo. Nikajua linaumwa. Nilidhani labda Mjomba amemwiga Baba, ametia kitambaa chenye maji ndani, akazidisha.

"Baba, gitaa la Mjomba lina mafua."

"Tutaliangalia, mama," alisema bila kugeuka.

Hakupata nafasi. Mtu wa kwaya alikuwa hajafika mbali nilipolisikia gari.

Bosi Nkwabi aliingia akiinamisha kichwa kwa sababu mlango wetu ulikuwa mfupi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza niko darasa la ngapi. Nyuma yake waliingia vijana wawili, mmoja akabaki amesimama mlangoni, na mwanga wa kibandani ukapungua.

"Fundi, kijana wangu anataka gitaa," Bosi alisema akikaa kwenye kigoda. "Mimi sijui lolote. Nifundishe."

Baba alimfundisha. Nilimwona akianza kwa wasiwasi, kisha mapenzi ya kazi yakamshinda, akaanza kueleza ubao mzima na plaiwudi, gundi nzuri na gundi ya haraka, kwa nini la bei kubwa linaweza kumfaa mtu mmoja na kumtesa mwingine. Bosi alisikiliza vizuri kuliko mteja yeyote niliyewahi kumwona. Kijana mmoja alilishusha la Kongo, akalitikisa. Hakikulia kitu. Akamulika kwa simu ndani ya tundu, akamtazama Bosi, akatikisa kichwa.

"Nasikia binti yako anayajua bila kuangalia," Bosi alisema.

"Ni mchezo wa watoto tu, mzee."

"Basi tucheze."

Niligeukia ukuta. Mabati yalikuwa ya moto, yananukia kutu. Baba akapiga. "La Farasi," nikasema. Akapiga jingine. "La Mwadui." Kisha nilimsikia Bosi akisema kwa upole, "Lile pale."

Baba alipiga mara moja tu. Lilikuwa la Kongo, na mafua yake yalikuwa vile vile. Nikasikia pumzi ya Baba ikikatika katikati. Leo najua kwamba ndipo alipoelewa. Wakati ule nilidhani amekasirika kwa sababu sauti mbaya itamfukuza mteja, na nikakumbuka onyo la Mama.

"La Kongo," nikasema.

"Umechelewa kujibu," Bosi aliniambia. "Lina nini leo?"

"Halina kitu. Nilitaka kusema la Mwadui, yamefanana kwa uzuri."

Bosi alicheka. Alicheka kweli, kwa tumbo. Akasimama, akanishika kichwa. "Una mtoto mzuri, fundi. Kesho nitakuja kulichukua hili la Kongo."

"Hili si la kuuza, mzee. Nimemwazima shemeji yangu."

"Najua umemwazima nani," Bosi alisema. Akainamisha kichwa, akatoka.

Mimi nilibaki nimefurahi. Nilijiona nimemsaidia Baba kupata mteja mkubwa. Sikuelewa kwa nini alifunga kibanda jua likiwa bado juu, wala kwa nini alilibeba la Kongo nyumbani akiwa amelizungushia shuka. Nyumbani alilegeza nyuzi, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa juu kabisa kwenye maungio ya shingo. Akatoa soksi iliyogandishwa kwa gundi na kufungwa nailoni. Mama alikaa chini palepale alipokuwa. Hakuna aliyeifungua. Nilipouliza ni nini, Mama aliniambia niende nikaote moto jikoni, na hapakuwa na baridi.

Mjomba alikuja jioni, kwa nyuma, kupitia shamba la mihogo. Nilimsikia kupitia ukuta wa jikoni.

"Irudishe hiyo dhahabu," Baba alisema. "Tutakwenda wote. Nitasema umeiokota."

"Shemeji, wewe humjui yule. Nikirudi pale nitafukiwa."

"Na mimi? Anakuja kesho kwangu."

"Kwako atakuta gitaa tupu. Utasema hujui kitu. Na kweli hujui."

Kisha Mama, ambaye hakuwahi kupandisha sauti maishani mwake, alisema kwa sauti ya chini zaidi kuliko ya wote, "Masanja, ondoka. Pita Nkome, panda mtumbwi wowote unaovuka. Usiniambie unakokwenda." Akamfungia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa. Mjomba akaja jikoni kunishika shavu. Kiganja chake kilikuwa cha baridi kama cha mtu aliyetoka kunawa. Aliniambia niwasikilize wazazi wangu. Kisha mihogo ikatikisika kidogo, ikatulia.

Baba hakulala kitandani. Asubuhi nilimkuta amelikaza la Kongo, amelifuta vumbi, amekaa nalo magotini. Nililigusa nikashangilia. "Limepona!" Baba akanipigapiga mgongoni.

Bosi alikuja kama alivyoahidi. Safari hii vijana walikuwa wengi zaidi, na majirani wote walikuwa na kazi ndani ya nyumba zao. "Nipigie tena," alisema. Baba akapiga. Sauti ikajaa kibanda, ikatoka nje, ikaendelea kusema na kusema, na nikaona fahari, maana hivyo ndivyo lilivyotakiwa kuwa.

Bosi alingoja mpaka ilipokwisha kabisa.

"Jana lilibanwa kifua," alisema. "Mimi nimekulia kwaya, fundi. Baba yangu alikuwa na gitaa. Jana nilikuwa nangoja mwenyewe aje kulifuata, nikaweka watu njiani. Kumbe mna njia nyingine." Akatazama mikono ya Baba, akaitazama kwa muda. "Twende ukanipigie nyumbani. Tuzungumze."

Nilielewa kwamba Baba amepata kazi ya kupiga muziki kwa tajiri. Nilikimbia nyumbani nikachukua shati lake jeupe la kwaya, nikakimbia tena nikiwa natweta, nikawahi gari kabla halijaondoka. Baba alikuwa amekaa nyuma katikati ya vijana wawili. Nikampa shati kupitia dirishani.

"Ahsante, mama," alisema. "Nenda kwa mama yako. Nenda sasa hivi."

Nilisimama nikampungia mkono mpaka vumbi likaisha. Mama aliponikuta pale nikicheka, alinikumbatia kwa nguvu mpaka nikaumia, na bado sikuelewa.

Zile siku za kungoja sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka Mama Tatu akituletea ugali bila kuingia ndani. Nakumbuka Mama akienda kituo cha polisi na kurudi, akienda kwa mchungaji na kurudi, kila mara akiwa mfupi zaidi. Wenzangu shuleni waliambiwa wasicheze na mimi. Kisha mchana mmoja Baba aliingia kwa miguu yake mwenyewe. Lile shati jeupe alikuwa amelizungushia mkono wa kushoto, na halikuwa jeupe tena. Zahanati alisema amenaswa na karasha. Mganga alimtazama, akaandika hivyo, akamfunga bendeji.

Vidole viwili vya mkono ule, vile vinavyobana nyuzi, havikukunjika tena.

Tulirudi Samuye na virago vichache. La Mwadui lilipasuka njiani, juu ya lori, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kitambaa cha maji. La Farasi lilibaki kambini. La Kongo alilichukua Bosi, kama alivyosema. Baba akalima pamba na mpunga, akafuga mbuzi. Hakuzungumza habari za magitaa, na watu wa Samuye ambao hawakumjua zamani walidhani alizaliwa na mkono ule. Mama hakulitaja jina la mdogo wake. Habari zilitufikia mara moja moja, kwamba yuko visiwani, kwamba amevuka Uganda, kwamba ana duka. Habari za kwetu hazikumfikia, maana hakuna aliyejua pa kuzipeleka.

Nilikuwa nimeshamaliza shule alipokuja. Alikuja mchana, kwa gari dogo la kukodi, amenenepa, viatu vinang'aa. Bosi Nkwabi alikuwa amekwisha kufa, na Mjomba aliona njia imefunguka. Mama alipomwona alikuwa anamenya viazi vya michembe. Alisema, "Karibu," akaendelea kumenya.

Mjomba alimwamkia Baba kwa kuinama, akarudi garini akaleta kasha jeusi gumu. Akalifungua mbele yake, kwenye mkeka. Sijawahi kuona gitaa kama lile, si kabla wala baada.

"Shemeji, nimelitafuta kwa kufuata maneno yako yote," alisema. "Ubao mzima. Si plaiwudi. Nilikumbuka kila kitu."

Baba alilipokea kwa mkono wa kulia. Akaligonga tumboni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akalisimamisha akaangalia shingo kwa jicho moja. Akapitisha kidole kwenye maungio, akanusa tundu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tutoke kambini kumwona na uso ule.

"Ubao mzima juu, na mgongoni pia," alisema. "Shingo imenyooka. Hii gundi ni ya mtu aliyekuwa na muda. Umechagua vizuri, Masanja."

Mjomba alitabasamu mpaka macho yakajaa machozi. "Basi lipige, shemeji. Kidogo tu nisikie."

Baba akalipakata. Akaleta mkono wa kushoto kutoka nyuma ya goti, mahali alipokuwa ameuweka tangu mgeni aingie, akauweka juu ya shingo ya gitaa. Vidole viwili vilikunjika. Viwili vilibaki vimesimama, vimepinda upande, kama misumari iliyopigwa vibaya.

Mjomba aliutazama ule mkono. Akamtazama Mama, ambaye hakuinua kichwa. Akanitazama mimi.

"Lini?" aliuliza. "Shemeji, lini?"

"Baada ya wewe kuondoka," Baba alisema. Kisha, kwa mkono mzima, akagusa nyuzi zote sita, mmoja mmoja, bila kubana popote, akaacha kila mmoja umalize sauti yake. "Lina sauti nzuri sana," akasema.

Mjomba alinyanyuka, akatoka. Tulimsikia akitapika nyuma ya zizi la mbuzi. Mama aliweka kisu chini, akachota maji kwenye kata, akamfuata.

Baba alinipa lile gitaa. "Legeza nyuzi, Kabula, kabla ya kulirudisha kwenye kasha," alisema. "Kama hakuna wa kulipiga, lisikae limekazwa."